Nani Ataoka Mkate wa Krismasi?

Kwa miaka mingi kazi yangu imekuwa kupanga zamu katika kiwanda kimoja cha mikate hapa Kisumu. Si cheo cha kutajwa mbele ya wakwe, lakini ukitaka kuzijua dini za watu wa upande huu wa ziwa, omba ukabidhiwe ile karatasi ya zamu. Padri anawajua waumini wake tu. Mimi namjua Msabato anayechungulia dirishani Ijumaa jioni jua likishuka. Namjua Mwislamu anayeniuliza kama mwezi umeandama, ilhali mimi ndiye niliyetaka kumwuliza yeye. Namjua mama wa kanisa la Legio Maria anayetaka ruhusa ya kwenda hija Got Kwer, kule Migori, siku ambayo haimo kwenye kalenda yoyote ya serikali. Namjua Mkatoliki ambaye hajakanyaga kanisani tangu Pasaka, lakini Krismasi sharti awe kwao Siaya hata mbingu zianguke. Na yupo kijana mmoja wa upande wa oveni ambaye haendi popote, hasali popote, na ndiye mwenye malalamiko makubwa kuliko wote. Nitamrudia, maana ana hoja.

Mkate wenyewe haujui sikukuu. Tungekuwa tunauza mabati tungefunga geti tarehe 23 Desemba tukaonana Januari. Lakini wiki ya Krismasi watu wa Nairobi wanashuka nyumbani, kila boma la Bondo, Luanda na Ahero linajaa wageni, na chai ya asubuhi bila mkate ni aibu kwa mwenye mji. Mkate unaokatwa mezani asubuhi ya tarehe 25 umekandwa usiku wa tarehe 24 na mtu ambaye naye mama yake anamngoja. Anayesimama kanisani na kusema si haki mtu kuwekwa kazini siku ya Bwana, mara nyingi amekwisha kula jasho la mtu huyo kabla hajavaa viatu.

Kwa hiyo swali la kama mfanyakazi alazimishwe kufanya kazi sikukuu ya dini yake, mimi silioni kama mada ya mdahalo. Naliona kama jina linalotakiwa kuandikwa kwenye kisanduku kabla ya tarehe 20 ya kila mwezi. Na jibu langu ni hili: mtu asilazimishwe kufanya kazi siku kuu ya imani yake, na kila mtu afanye kazi siku kuu ya mwenzake. La tatu, ambalo wakubwa wangu hawalipendi, ni kwamba jambo hili lisiachwe mikononi mwa mtu kama mimi.

Nianze na soko la Kibuye, kwa sababu kila tukibishana kazini lazima mtu ataje Kibuye. Soko lile hufungua kila siku, lakini siku yake hasa ni Jumapili. Ukipita saa tano asubuhi utakuta mama ametoka misa ya kwanza, rozari bado imezunguka kiganjani, anapimiwa omena kwa gorogoro. Hatua tatu mbele, muuza mitumba anapiga kofi huku akitaja bei, na nyuma yake mhubiri mwenye kipaza sauti anawaambia watu wote hao watubu, bila kuonekana kukerwa hata kidogo na biashara inayomzunguka. Jamaa wa dispachi hupenda kuuliza: kama Jumapili yenyewe ndiyo siku kubwa ya soko katika mji uliojaa makanisa, nyinyi mnaolilia ofu mnalilia nini?

Tofauti ni kwamba yule muuza mitumba ndiye aliyejipangia. Akitaka kufungua saa saba baada ya ibada, anafungua saa saba. Akitaka kwenda kumzika shangazi Ugenya, anafunika meza kwa turubai na kwenda. Hakuna aliyemwambia usipokuja Jumapili na Jumatatu usije. Mwajiriwa ameuza saa zake, na hoja nzima ni kama katika mauzo hayo aliuza na Pasaka yake.

Sheria yetu inasema hakuuza. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 8, inasema nchi haina dini ya taifa. Kifungu cha 32 kinasema mtu asinyimwe kazi kwa sababu ya imani yake, kisha kinaongeza kwamba mtu asilazimishwe kutenda jambo lililo kinyume na dini yake. Sheria ya Ajira ya 2007 nayo inataja dini miongoni mwa mambo ambayo hayawezi kuwa sababu halali ya kumfuta mtu kazi. Ukisoma hayo peke yake utadhani kazi imekwisha.

Lakini ukiingia kwenye Sheria ya Sikukuu za Umma, Sura ya 110, utaona mambo hayajanyooka hivyo. Ijumaa Kuu, Jumatatu ya Pasaka, Krismasi na Idd-ul-Fitr ni sikukuu za kila mtu. Idd-ul-Azha imewekwa kwa ajili ya Waislamu, na Diwali kwa ajili ya Wahindu. Kwa Idd-ul-Azha, waziri huenda akatoa tangazo nchi nzima ikapumzika, kama ilivyokuwa tarehe 17 Juni 2024 na tarehe 6 Juni 2025. Bila tangazo hilo, ni Mwislamu peke yake mwenye haki ya siku ile, na inampasa kuidai mbele ya msimamizi ambaye kwenye kalenda yake ya ukutani anaona Jumatatu ya kawaida.

Kuna kipengele kingine kwenye sheria hiyo hiyo ambacho Msabato wetu mmoja alikigundua na hajakisahau. Sikukuu ikiangukia Jumapili, sheria inaisogeza hadi siku inayofuata, watu wasije wakapoteza mapumziko yao. Ikiangukia Jumamosi haisogezwi. "Serikali haina dini," akaniambia, "lakini siku yake ya kusali naijua." Nilicheka, ila sikuwa na la kumjibu. Sikukuu ya tarehe 10 Oktoba yenyewe imebadilishwa jina tangu Moi Day, ikawa Utamaduni, sasa Mazingira, hata mimi nikaacha kuandika jina nikawa naandika tarehe tu, lakini hicho kipengele cha Jumapili hakijaguswa.

Wasabato ndio walionifundisha kazi hii, tena kwa nguvu. Upande huu si wachache. Wamisionari wao walifika Gendia, karibu na Kendu Bay, mwaka 1906, na ukivuka kuelekea Kisii na Nyamira utakuta vijiji ambavyo Jumamosi hata duka la sukari utalitafuta. Sasa Sabato haianzi Jumamosi asubuhi. Inaanza Ijumaa jua likizama, na hapa Kisumu, kwa kuwa tuko karibu kabisa na ikweta, jua linazama kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja kasoro mwaka mzima. Shifti yetu ya usiku inaanza saa kumi na mbili kamili. Tazama hapo. Mtu anaingia kazini Ijumaa, anavaa kofia na dasti koti, anapima unga, anawasha mashine ya kukandia, na kabla donge halijashikana vizuri Sabato imeingia. Huwezi kumwambia afanye nusu saa halafu aende, kwa sababu donge likishawekwa hamira halingojei mtu.

Bosi mmoja wa zamani, katika kampuni nyingine niliyowahi kufanyia kazi mjini Nakuru, alilimaliza suala hilo kwa njia yake: Ijumaa usiku kila mtu anaingia kwa zamu, asiyetaka aandike barua ya kuacha kazi. Aliandikiwa barua mbili mwezi mmoja, zote za watu waliokuwa wakijua oveni kuliko fundi aliyeiunda. Hakuwafuta, kwa hiyo kwenye vitabu hakuvunja sheria yoyote. Waliacha wenyewe. Watu wengi wa imani hutoka kazini kwa mlango huo, na hakuna mahali panapoandikwa kwamba ni dini iliyowatoa.

Mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa iliamua kesi ya Kanisa la Waadventista Wasabato dhidi ya Wizara ya Elimu, kuhusu wanafunzi waliotakiwa kuhudhuria masomo na shughuli za shule Jumamosi. Kanisa lilikuwa limeshindwa Mahakama Kuu, likashinda kwenye rufaa. Ile ilikuwa kesi ya shule, si ya kiwanda, lakini mantiki yake inafika hata kwenye ubao wangu wa matangazo: amri inayoonekana sawa kwa wote inaweza kumkandamiza mtu mmoja tu, yule ambaye siku yake si ya wengi. "Kila mtu anaingia Ijumaa usiku" inasikika kama usawa. Kwa Mkatoliki ni Ijumaa usiku tu. Kwa Msabato ni kuambiwa achague kati ya mshahara na Mungu wake.

Sisi tulilitatua kwa njia rahisi kiasi cha kuchekesha. Wasabato hawaingii zamu tangu Ijumaa jioni hadi Jumamosi jua likizama, na badala yake Jumapili nzima ni yao, usiku na mchana. Mkristo wa Jumapili anayetaka kwenda ibadani anamshukuru Msabato, na Msabato naye anamshukuru wa Jumapili. Sheria inataka mfanyakazi apate angalau siku moja ya kupumzika katika kila siku saba, lakini haisemi siku gani. Nafasi iko hapo hapo, ukitaka kuiona. Na Wasabato wenyewe si watu wa kukataa kila kitu, kama wasiowajua wanavyodhani. Hospitali yao ya Kendu haifungi wodi Sabato ikiingia, kwa sababu kumhudumia mgonjwa kwao hakuhesabiwi kuvunja siku. Mkate, waliniambia kwa upole, si mgonjwa.

Waislamu ni hesabu nyingine. Kwanza Ijumaa. Wasimamizi wengi wanadhani Mwislamu anataka Ijumaa nzima kama Msabato anavyotaka Jumamosi, na sivyo. Sura ya Al-Jumua inawaamrisha waumini waache biashara wanapoitwa kwenye sala ya Ijumaa, na aya inayofuata inawaambia sala ikiisha watawanyike katika ardhi na kutafuta fadhila za Mungu. Yaani anachohitaji ni muda wa kutembea hadi msikitini mchana, kusali, na kurudi. Hiyo ni saa moja na kidogo. Ukishindwa kumpa mtu saa moja ya mchana na unampa mwingine dakika arobaini za kuvuta sigara nyuma ya stoo, usiniambie habari za uzalishaji.

Idd ndiyo huninyima usingizi. Ratiba yangu hutoka mapema, lakini mwezi hauandami kwa ratiba. Mwaka 2024 Ijumaa Kuu ilikuwa tarehe 29 Machi na Jumatatu ya Pasaka tarehe 1 Aprili, halafu Idd-ul-Fitr ikaja tarehe 10 Aprili, sote tukiwa bado na uchovu wa Pasaka. Usiku wa kungojea mwezi mambo huwa hivi: karatasi mbili ziko mezani, moja ya "Idd kesho" na nyingine ya "Idd kesho kutwa". Redio iko wazi. Vijana wetu wa Kiislamu wako kwenye simu, kila mmoja ana mjomba Mombasa au Mumias ambaye amesikia jambo. Tangazo la Kadhi Mkuu likitoka, naichana karatasi moja na kubandika nyingine, na Wakristo watatu ambao walikuwa wakielekea kulala wanapigiwa simu. Hawajawahi kukataa. Ukiwauliza sababu watakuambia kwa ufupi kwamba mkesha wa Krismasi wale vijana ndio walikuwa kwenye oveni.

Na walikuwa hapo kweli. Nakumbuka mmoja wao, mkesha wa Krismasi, akivuta trei za mikate kwa koleo huku redio ya mlinzi ikiimba nyimbo za mtoto Yesu, naye anazifuatisha kwa mluzi. Nikamwambia, "Ndugu, wewe utasilimisha nyimbo hizi." Akasema nyimbo hazina shida, shida ni joto.

Joto, kwa anayefunga, si mchezo. Oveni ya mkate huwa zaidi ya nyuzi 200, na mtu anayesimama mbele yake mwezi wa Ramadhani bila tone la maji tangu alfajiri anaweza kuanguka. Kwa hiyo mwezi ule wengi wao huomba usiku, wapate kunywa maji kati ya trei na trei, ingawa usiku nao una taraweh yake na daku yake. Wapo wanaochagua upande wa kufungasha, mbali na moto. Hakuna sheria niliyowahi kuiona inayozungumzia Ramadhani na oveni. Kuna kuulizana tu.

Diwali nitaitaja kwa ufupi. Mwenye kiwanda ni Mhindi, ofisi yake inafungwa, vitabu vipya vya hesabu vinaombewa, sisi tunaletewa ladu na jalebi kwenye maboksi na tunaendelea kukanda. Hakuna anayenung'unika. Bosi ana sikukuu yake kama mwingine yeyote, tofauti ni kwamba yeye haombi ruhusa.

Sasa turudi kwa kijana wa oveni asiye na dini. Malalamiko yake ni haya: Krismasi yuko kazini kwa sababu wenye Krismasi wameenda. Idd yuko kazini. Sabato yuko kazini. Pasaka, yuko kazini. "Mnagawana Mungu," aliniambia siku moja, "halafu mimi ndiye ninayebaki na kazi zake." Nilimwona ana haki kabisa. Watetezi wa ruhusa za dini husahau kwamba kila ruhusa ina mtu wa upande wa pili, na akiwa yule yule kila mara, huo si ukarimu tena. Ni mzigo amebebeshwa. Hata mtu asiyesali ana mama, ana mtoto, ana mechi ya Gor Mahia anayotaka kuiona mchana peupe. Kwake sasa kila mwaka anachagua siku zake mwenyewe, idadi sawa na za wenzake, na hazihitaji kutetewa kwa aya. Mwaka jana moja ya siku zake ilikuwa siku ya kuzaliwa kwa bintiye. Wazee wawili wa kanisa walisema tumemfananisha mtoto na Pasaka. Nikawaambia wamwulize mtoto.

Kuhusu gharama, nilisoma kesi ya Marekani ambayo wenye kampuni wangefaa kuisoma pia. Gerald Groff alikuwa mpeleka barua huko Pennsylvania, Mkristo asiyekubali kufanya kazi Jumapili. Posta yao ilipoanza kupeleka vifurushi vya Amazon siku hiyo, akaingia matatani, mwisho akajiuzulu. Tangu mwaka 1977, katika kesi ya mfanyakazi wa shirika la ndege la TWA aliyekuwa akiitunza Sabato, mahakama zao zilikuwa zikisema mwajiri hahitaji kumpa mtu nafasi ya dini yake ikiwa jambo hilo litamgharimu zaidi ya kitu kidogo sana. Juni 2023 majaji wote tisa wa Mahakama ya Juu ya huko wakasema hapana: mwajiri akitaka kukataa lazima aonyeshe mzigo mkubwa wa kweli kwa biashara yake.

Mimi napenda kipimo hicho, kwa sababu nimewahi kusikia kile kingine kikitumika bila jina. "Itatusumbua." "Itavuruga utaratibu." "Nikimpa yeye wote watataka." Nikiwaambia wakubwa waniandikie hiyo hasara kwa shilingi, kimya. Mara nyingi hasara yenyewe ni mimi kukaa na kalamu jioni moja zaidi.

Zipo kazi ambazo mzigo wake ni wa kweli, nakubali. Miwa ikishakatwa hupoteza sukari kila saa inayopita, kwa hiyo viwanda vya Kibos, Chemelil au Nzoia haviwezi kuzima mitambo Ijumaa Kuu na kuacha matrekta yakisubiri kwenye jua. Waridi wa Naivasha nao wanajua tarehe 14 Februari na siku ya akina mama ya Uingereza, ambayo ni Jumapili ndani ya Kwaresima. Wiki hizo mvunaji wa maua hana Jumapili. Mashambani kule kuna chama cha wafanyakazi wa mashamba, KPAWU, cha kukaa mezani na waajiri. Na wauguzi wa pale Russia, kama tunavyoiita bado hospitali ya Jaramogi, hakuna anayeuliza kama wawepo Krismasi usiku. Lakini hata hapo mtambo unahitaji watu tu, hauhitaji kwamba lazima wawe wale wale. Hilo ni suala la orodha, na orodha inaandikwa na binadamu.

Ndiyo maana nasema nisiachiwe. Desemba ikikaribia, napendwa mjini hapa. Naletewa mayai. Naletewa ndizi za Kisii, mkungu mzima, na aliyeuleta hasemi neno, anauacha chini ya meza na kuulizia afya ya mke wangu. Mwaka fulani nilikuta kuku hai amefungwa miguu kwenye droo ya chini, ameichafua ratiba ya Novemba yote. Inachekesha, lakini fikiria maana yake: mtu mzima, mwenye haki ndani ya Katiba, anaona njia ya uhakika ya kusali siku ya Mungu wake ni kumletea mpanga zamu kuku. Msimamizi mwema atampa ruhusa. Msimamizi mwenye kinyongo, au wa kanisa lile jingine la ng'ambo ya barabara, atamwambia nafasi zimejaa. Kwa mfanyakazi, wote wawili ni bahati nasibu.

Kwa hiyo tulipokaa na ofisi tulitaka siku ziandikwe. Sheria ya Ajira tayari inataka mkataba ueleze haki za mtu kuhusu sikukuu na malipo yake, kwa hiyo hatukuwa tukiomba miujiza. Unapoajiriwa, na tena kila Januari, unaandika siku zako: Sabato, Idd mbili, Krismasi, hija ya Got Kwer, kuzaliwa kwa binti. Ukishaandika, kukataliwa kunahitaji sababu ya maandishi, na mpanga zamu hana uwezo wa kukufutia. Wapo waliohofu kwamba watu watageuza dini kila mwezi kutafuta ofu. Imetokea mara moja, kwa jamaa aliyejiandikisha Msabato na Mwislamu kwa pamoja, akakumbushwa na Wasabato wenyewe kwamba Jumapili zote anaingia.

Malipo yalitupa shida zaidi. Amri ya jumla ya mishahara inasema kazi ya ziada siku ya sikukuu au ya mapumziko hulipwa mara mbili, na kila sekta ina amri zake au makubaliano yake na chama. Ujanja unaotumika sana ni kumpa mtu "siku ya kufidia" badala ya pesa, kisha siku hiyo haifiki, inasogezwa hadi mwaka unaisha. Kwetu sasa anayechagua siku ya kufidia anapewa tarehe pale pale, siyo ahadi. Tarehe ikipita hajaipata, inageuka pesa kwenye mshahara wa mwezi huo. Mhasibu alilia, akazoea.

Vibarua ndio hatujawamaliza. Hao ni wa kupakia kreti, wanalipwa kwa siku, na mjadala huu wote kwao ni wa matajiri. Ukimwuliza mmoja wao kama alazimishwe kufanya kazi Krismasi, atakuuliza kama kuna nafasi. Alfajiri ya tarehe 25 wanajipanga getini wengi kuliko siku nyingine, wakijua magari ni mengi. Siku tukifunga, wao hawakupumzika, walikosa. Wengi hawajui, na mwajiri hana haraka ya kuwaambia, kwamba kifungu cha 37 cha Sheria ya Ajira kinamhesabia kibarua siku moja ya mapumziko yenye malipo baada ya siku sita mfululizo za kazi, na sikukuu ya umma ikiangukia katikati inahesabiwa kama siku ya kazi. Akifikisha jumla ya mwezi mmoja mfululizo, mkataba wake unageuka wa mwezi. Ndiyo sababu wanasimamishwa siku chache kabla ya mwezi kutimia, wanaambiwa wapumzike kidogo, halafu wanaitwa upya kama wageni.

Nimependekeza vibarua waliopakia kwetu wiki nzima kabla ya sikukuu walipwe siku hiyo tukifunga, na walipwe mara mbili tukiwaita. Nimeandika kwa lugha mbili, nimeambatanisha kifungu chenyewe. Ofisi imesema hesabu zinafanywa. Wakati huo huo orodha ya Desemba imeanza kujaa, na kwa usiku wa tarehe 24 nina Waislamu wanne, Wasabato wawili waliosema hawana shida maana Krismasi kwao si Sabato, na kijana wa oveni, ambaye mwaka huu amejitolea mwenyewe kwa sharti kwamba tarehe 1 Januari asipigiwe simu na mtu yeyote.